Kondo Ngapi, Chupa Ngapi? Hotuba kwa Wazazi wa Mapacha, Mwanza

Mwangaluka! Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Kina Kulwa na kina Doto mliokuja leo, na kina Shija mliozaliwa nyuma yao, karibuni. Kina baba pia nawaona, na nimefurahi kwamba hamkuwaacha wake zenu waje peke yao.

Nimeombwa nieleze aina za mapacha na jinsi wanavyopatikana. Mimi ni mkunga. Nimewapokea mapacha waliolia kwa nguvu pamoja, na nimewapokea wengine ambao mmoja wao alilia na mwenzake akanyamaza. Kwa hiyo jambo hili nalibeba moyoni, na mtanivumilia nikilisema kwa ukali mahali fulani.

Mama akijifungua mapacha, swali la kwanza la kila anayekuja kumpongeza ni moja: ni wa kufanana au si wa kufanana? Mama mkwe anauliza hivyo, jirani hivyo, na wauguzi wenzangu wengine vilevile. Ni swali zuri na nitalijibu. Lakini lipo swali jingine ambalo ningependa kila mama mwenye mimba ya mapacha aliulize mapema, tena mbele ya anayempima ultrasaundi: wanangu wana kondo ngapi, na wamo ndani ya chupa ngapi? Kondo la nyuma mnalijua, ndilo linalomlisha mtoto tumboni. Chupa ni ule mfuko wa maji anamoogelea, ule ambao ukipasuka mnasema uchungu umekaribia. Majibu ya hayo mawili ndiyo yanayotuambia mimba ina hatari gani. Sura za watoto haziwezi kutuambia hilo.

Nianze na mapacha wa mayai mawili, maana ndio wengi kwetu.

Kila mwezi, kwa kawaida, ovari za mwanamke huachia yai moja. Mara chache huachia mawili, na kila yai likarutubishwa na mbegu yake. Hapo wanapatikana watoto wawili ambao, kwa upande wa jeni, ni kaka na dada wa kawaida waliokutana tumboni wakati mmoja. Wanachangia wastani wa nusu ya jeni zao, sawa kabisa na Kulwa na mdogo wake Shija. Ndiyo maana anaweza kuwa mmoja wa kike na mwingine wa kiume, mmoja mweusi na mwingine maji ya kunde, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kila mmoja ana kondo lake na chupa yake. Wakati mwingine makondo mawili hujishika ukutani mwa mfuko wa uzazi karibu karibu mpaka yakaungana pembeni, na mkunga asiye makini akatoka nje na kutangaza kondo moja. Tangazo hilo limewachanganya wazazi wengi miaka mingi.

Kwa nini yai la pili likatoka? Chini ya ubongo kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Inatoa homoni inayoziamsha ovari zikomaze mayai. Mwanamke ambaye homoni hiyo iko juu kidogo, au ambaye ovari zake zinaisikia haraka, anaweza kukomaza mayai mawili kwa mwezi. Homoni hiyo hupanda umri unaposogea, na ndiyo sababu mapacha wa mayai mawili huonekana zaidi kwa kina mama wa miaka 35 hadi 39 kuliko kwa mabinti wa miaka 20. Huongezeka pia kwa aliyekwisha kuzaa mara kadhaa, na kwa wanawake warefu. Na lipo la ukoo. Mwaka 2016 watafiti walitaja jeni mbili zinazohusika, FSHB na SMAD3. Ya kwanza inahusu utengenezaji wa homoni hiyo yenyewe, ya pili inahusu jinsi ovari inavyoiitikia.

Hapa nawageukia kina baba, kwa heshima zote. Najua kuna sifa mtaani kwamba mwanamume aliyepata mapacha ana mbegu kali. Kwa ndugu zetu wa Buganda anapewa hata cheo, anaitwa Ssalongo na mkewe Nnalongo, na wanaheshimika hivyo maisha yao yote. Mila hiyo ni nzuri na naipenda. Lakini mbegu za mwanamume ni mamilioni kila mara, kwa huyu na kwa yule. Lililoongezeka ni yai, na yai ni la mke. Baba akitoka kwenye ukoo wa mapacha, jeni hiyo haimsaidii yeye kupata mapacha kwa mkewe, kwa sababu yeye hana ovari. Anaweza, hata hivyo, kumpa binti yake, na binti akaja kuzaa mapacha. Wazee wetu walioona kwamba mapacha huruka kizazi waliona jambo la kweli: bibi alizaa mapacha, mtoto wake wa kiume hakuwapata, mjukuu wa kike akawapata.

Sasa lile nililosema nitalisema kwa ukali. Wapo wanawake wanaofukuzwa, wanaopigwa, wanaonyimwa matunzo, kwa sababu wamezaa mapacha wasiofanana na mtu akasema kila mtoto ana baba yake. Jamani! Watoto wa mayai mawili wanatofautiana kama ndugu wowote wa nyumba moja wanavyotofautiana. Je, watoto wako waliozaliwa mmoja mmoja wanafanana wote? Ni kweli imewahi kuthibitishwa kwa vipimo vya vinasaba, huko duniani, kwamba mayai mawili ya mwezi mmoja yalirutubishwa na wanaume wawili. Ni jambo adimu mno, linaloandikwa kwenye majarida ya kitabibu kwa uadimu wake, na haliwezi kujulikana kwa kutazama pua ya mtoto au rangi ya ngozi yake. Anayemtoa mke wake nje kwa ushahidi wa pua anamdhulumu mama na watoto wawili kwa mpigo.

Tena historia ya bara letu kwa mapacha haiko sawa kila mahali. Kusini-mashariki mwa Nigeria, zamani, mapacha walikuwa wakiuawa. Mananjary, upande wa mashariki wa Madagascar, mwiko wa kulea mapacha umewafanya wazazi wengi wawaache watoto wao hata katika zama zetu hizi. Lakini kwa Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria hiyohiyo, mapacha ni baraka ya nyumba, Taiwo na Kehinde. Wanasema Kehinde, anayetoka wa pili, ndiye mkubwa, kwa kuwa alimtuma mwenzake atangulie kuangalia dunia ikoje. Huku kwetu Ziwa tuna Kulwa na Doto. Wajaluo wana Opiyo na Odongo kwa wavulana, Apiyo na Adongo kwa wasichana. Waganda wana Wasswa na Kato, Babirye na Nakato. Burundi wana Bukuru na Butoyi. Pwani nyumba nyingi za Kiislamu huwaita Hassan na Hussein. Jamii isingetenga majina kwa jambo ambalo hailioni mara kwa mara.

Na kweli tunaliona mara nyingi. Dunia nzima wanazaliwa mapacha kama jozi milioni 1.6 kila mwaka, yaani katika kila watoto 42 wanaozaliwa mmoja ni pacha. Kwa wastani wa dunia ni uzazi 12 wa mapacha katika kila uzazi 1,000, na Afrika ni kama 17. Mji wa Igbo-Ora, katika jimbo la Oyo nchini Nigeria, ndio unaosifika kupita wote. Watafiti waliohesabu huko katika karne iliyopita walikuta zaidi ya uzazi 40 wa mapacha katika kila 1,000. Japani, kabla dawa za uzazi hazijaenea, mapacha wa mayai mawili walikuwa 2 au 3 tu kwa kila 1,000.

Ukiwauliza wenyeji wa Igbo-Ora wanakupa siri yao: viazi vikuu, na mchuzi wa majani ya bamia wanaouita ilasa. Sisi tuna ndizi pacha. Nani hapa hajaambiwa na bibi yake, ukila ndizi mbili zilizoshikana utazaa mapacha? Wasichana wengine wamezikwepa ndizi hizo utoto wao wote, na wanaotamani mapacha wanazisaka sokoni. Kuleni ndizi, ni chakula kizuri. Ila ndizi zilizoshikana hazina homoni ya kuamsha ovari, na viazi vikuu vya Igbo-Ora havijathibitishwa kufanya hivyo.

Linalonitisha si ndizi, ni vidonge. Mabinti wananunua klomifeni kwenye duka la dawa bila cheti cha daktari, kwa kuwa wamesoma kwenye simu kwamba inaleta mapacha. Dawa hiyo ni halali, tunaitumia kumsaidia mwanamke ambaye mayai yake hayatoki. Katika mimba 100 zinazopatikana kwa dawa hiyo, kati ya 5 na 10 huwa za mapacha. Lakini inaweza pia kukuletea watatu au wanne, ovari zikavimba, na ukajikuta unapigania uhai wako kwa ajili ya picha nzuri ya nguo za sare. Vivyo hivyo kwenye upandikizaji wa mimba, yai linaporutubishwa maabara na kurudishwa tumboni: pale viinitete viwili, yaani mimba changa mno, vinapowekwa pamoja, uwezekano wa mapacha hupanda sana, na ndiyo maana madaktari wengi siku hizi hupendelea kuweka kimoja. Mwanamke mwenye shida ya kushika mimba aende kwa daktari. Mwenye kushika mimba bila shida asiguse vidonge hivyo.

Sasa mapacha wa yai moja. Hawa wana habari ndefu, na hapa ndipo kondo na chupa vinapoamua mambo.

Yai moja limerutubishwa na mbegu moja. Limeanza kugawanyika seli mbili, nne, nane, kama kawaida ya kila mimba. Kisha, katika siku za mwanzo, kile kiinitete kinajitenga pande mbili, na kila upande unaendelea peke yake kuwa mtoto kamili. Kwa kuwa walianza kitu kimoja, jinsia yao ni moja, kundi la damu ni moja, na sura zao mnazijua. Hutokea kama mara 4 katika kila uzazi 1,000, na idadi hiyo karibu inalingana popote duniani, Mwanza, Tokyo au Igbo-Ora. Haifuati umri wa mama wala urefu wake, na kwa familia nyingi haifuati ukoo. Mama mwenye mapacha wa namna hii hakufanya jambo lolote likatokea, na kwa kawaida hakulirithi kwa mtu.

Kinachosababisha kiinitete kujitenga sayansi bado inakitafuta. Mwaka 2021 watafiti wa Amsterdam na wenzao walionyesha kwamba watu waliozaliwa mapacha wa yai moja hubeba alama fulani juu ya vinasaba vyao zinazodumu mpaka utu uzima, kana kwamba tukio lile la siku za mwanzo liliacha muhuri. Mimi niliposoma hilo nilifurahi kweli, kwa sababu huenda siku moja mtu akapimwa damu na kujua kwamba alianza na mwenzake tumboni hata kama mwenzake hakuzaliwa. Mimba nyingi huanza na wawili na mmoja akapotea katika wiki za kwanza, mama asijue isipokuwa alipimwa mapema.

Kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi, siku ya kujitenga ndiyo inayoamua watoto watashiriki nini. Kiinitete kikijitenga ndani ya siku 3 za kwanza, kabla sehemu ya kutengeneza kondo haijajipanga, kila mtoto atapata kondo lake na chupa yake. Hawa ni kama theluthi moja ya mapacha wa yai moja. Angalieni jambo hili vizuri, maana hapa watu wengi hukosea, hata waliosoma: makondo mawili hayana maana kwamba watoto ni wa mayai mawili. Mama anaambiwa kondo ni mbili, kwa hiyo hawa si wa kufanana, halafu anawalea miaka kumi hawezi kuwatofautisha isipokuwa kwa kovu.

Kikijitenga kati ya siku ya 4 na ya 8, kondo linakuwa moja na chupa mbili. Hawa ndio wengi zaidi katika mapacha wa yai moja, kama theluthi mbili. Kikichelewa mpaka baada ya siku ya 8, kondo ni moja na chupa ni moja, watoto wanaogelea kwenye maji yaleyale bila ukuta kati yao. Ni wachache sana, kama jozi moja au mbili katika kila jozi 100 za yai moja. Na kikichelewa zaidi, kupita siku ya 13, hakimalizi kujitenga, na watoto wanazaliwa wameungana.

Nikae kidogo kwenye kondo moja, maana hapa ndipo tunapowapoteza watoto ambao wangeweza kuishi. Ndani ya kondo hilo mishipa ya damu ya watoto wawili imekutana. Fikirieni mashamba mawili yanayonyweshwa na mfereji mmoja: mteremko ukielemea upande mmoja, shamba moja linafurika na jingine linakauka. Katika kila mimba 100 za kondo moja, kati ya 10 na 15 hupatwa na hali hiyo, kwa kawaida kati ya wiki ya 16 na ya 26. Damu inatoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwenzake. Anayetoa anadumaa, maji yake yanakauka mpaka chupa inambana. Anayepokea moyo wake unalemewa, anakojoa mno, maji yanamjaa. Mama anaona tumbo limekua ghafla ndani ya siku chache, linabana, pumzi inakuwa fupi, na watu wanamwambia ni kawaida, mama mapacha tumbo lake ni kubwa. Si kawaida. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Hali hiyo ikiachwa katika hatua mbaya, wengi wa watoto hao hufa wote wawili. Tiba ipo: daktari huingiza kamera nyembamba ndani ya mfuko wa uzazi na kuifunga mishipa ile kwa leza. Ni huduma adimu kwetu, nami natamani niione ikizoeleka katika hospitali zetu za rufaa kabla sijastaafu. Lakini hata pasipo leza, mimba iliyojulikana mapema inaweza kufuatiliwa, mama akalazwa, watoto wakatolewa kwa wakati.

Ndiyo sababu mimba ya kondo moja inahitaji ultrasaundi kila baada ya wiki 2 kuanzia wiki ya 16, wakati ya makondo mawili inaweza kwenda kila baada ya wiki 4. Wa chupa moja hatari yao ni nyingine, vitovu hujifunga kwa kuzungukana, na kwa kawaida hutolewa kwa upasuaji kati ya wiki ya 32 na ya 34. Wa kondo moja na chupa mbili, mimba ikienda salama, huzaliwa karibu na wiki ya 36, na wa makondo mawili karibu na wiki ya 37. Mnaona jinsi swali lile linavyobadilisha kalenda nzima ya mama?

Na swali hilo lina muda wake. Kabla ya wiki ya 14 mpimaji anaona vizuri pale ukuta wa chupa unapokutana na kondo. Pakiwa na pembe nene, kondo ni mbili. Ukuta ukishuka mwembamba na kukutana na kondo kama herufi T, kondo ni moja. Baadaye ukuta unasinyaa, watoto wanajaza nafasi, na hata fundi mzuri anabaki kukisia. Kina mama wengi wanakuja kliniki kwa mara ya kwanza mimba ina miezi mitano. Wengine wanangoja tumbo lionekane, wengine wanaogopa kusemwa, wengine ni nauli. Nayajua yote hayo. Lakini tunamhitaji mama kabla ya wiki ya 12, na akiambiwa ni mapacha asitoke chumba cha ultrasaundi kabla ya kuuliza, na jibu liandikwe kwenye kadi.

Waliozaliwa wameungana siwezi kuwapita bila kuwataja Maria na Consolata Mwakikuti. Walizaliwa Novemba 1996 Ikonda, Makete, wakabaki yatima, wakalelewa na masista. Walisoma mpaka kidato cha sita, wakafika Chuo Kikuu cha Ruaha pale Iringa wakisomea ualimu. Walifariki tarehe 2 Juni 2018, wakipishana kwa dakika chache. Nchi nzima iliwalilia, na ilikuwa haki. Walizungumza hadharani kwa uwazi, kila mmoja na maoni yake, na watu waliozoea kuwaona kama kioja wakajifunza kusalimia watu wawili. Karne mbili kabla yao, mwaka 1811, huko Siam ambayo leo ni Thailand, walizaliwa Chang na Eng walioungana kifuani. Walihamia Marekani, wakaoa madada wawili, wakapata watoto 21 kwa jumla. Siku hizi baadhi ya walioungana hutenganishwa. Novemba 2016 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi waliwatenganisha watoto wawili wa kike wa umri wa miaka miwili, walioungana sehemu ya chini ya mgongo, kwa upasuaji wa saa 23. Inawezekana au haiwezekani kutegemea wameshiriki viungo gani, na moyo mmoja ukiwa wa wawili hakuna kisu kinachosaidia.

Kuna aina moja adimu niwasimulie kwa kifupi. Mama mmoja wa Brisbane, Australia, alipimwa mwaka 2014 mimba ikiwa ya wiki 6, akaambiwa kondo ni moja, kwa hiyo ni wa yai moja. Wiki ya 14 wakapima tena: mmoja wa kike, mmoja wa kiume. Madaktari walishangaa, maana wa yai moja hawatofautiani jinsia. Vipimo vikaonyesha kwamba yai moja liliingiwa na mbegu mbili kwa wakati mmoja, kisha seli zikajipanga upya na kujitenga. Kwa upande wa mama watoto hao walilingana kabisa, kwa upande wa baba walichangia kama asilimia 78. Habari yao ilichapishwa mwaka 2019. Kwa kawaida yai lililoingiwa na mbegu mbili halikui, mimba inaharibika mapema.

Na hata wale wa yai moja msiwachukulie kama nakala. Alama zao za vidole hutofautiana, kwa kuwa huchongwa tumboni kufuatana na jinsi kila mmoja alivyokaa na alivyogusa kuta. Utafiti wa Iceland wa mwaka 2021 ulikuta kwamba kwa wastani hupishana kwa mabadiliko 5 hivi ya vinasaba yaliyotokea mwanzoni kabisa mwa ukuaji. Walimu mliopo, tafadhali, kila mtoto ana jina lake. Mkimwita "nyie mapacha" miaka saba ya shule ya msingi mnamnyang'anya kitu.

Nimalizie upande wangu wa kazi. Kusini mwa Sahara, karibu pacha mmoja kati ya watano hakuwa akifikisha umri wa miaka 5, kwa takwimu za miaka ya 2009 hadi 2014, na hiyo ni kama mara tatu ya watoto wanaozaliwa mmoja mmoja. Sababu kubwa ni kuzaliwa kabla ya wakati. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37. Ndiyo maana mama wa mapacha asijifungulie nyumbani, wala kwenye zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Wa kwanza anaweza kuja vizuri, wa pili akageuka akalala kingamo, kitovu kikatangulia, au mama akavuja damu kwa kuwa mfuko umetanuka ukachoka. Nauli na mtu wa kukusindikiza vipangwe kuanzia mwezi wa saba wa mimba. Wakizaliwa njiti, wafungwe kifuani ngozi kwa ngozi, kwa huduma ya kangaruu, na baba anaweza kumbeba mmoja mama akambeba mwingine. Kifua cha baba kina joto lilelile.

Kabla hatujaanza nimeulizwa na mama mmoja hapa: wanangu wana miaka minne, kondo hatukulitazama, nitajuaje kama ni wa yai moja? Mama, kama jinsia ni moja na kundi la damu ni moja, kinachobaki kukata shauri ni kipimo cha vinasaba. Hapa nchini hufanywa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hulazimiki, lakini kuna faida. Tarehe 23 Desemba 1954, jijini Boston, Richard Herrick alikuwa anakufa kwa figo, na pacha wake Ronald akajitolea figo moja. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuuzuia mwili usikatae kiungo cha mtu mwingine. Madaktari walianza kwa kubandika kipande cha ngozi ya mmoja kwa mwenzake, kikashika, wakajua ni wa yai moja. Ndipo Joseph Murray na wenzake wakapandikiza figo, wa kwanza duniani kufanikiwa hivyo, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Richard aliishi miaka 8 zaidi, akaoa muuguzi aliyemtunza, akapata watoto.

Wenye mimba za mapacha sasa hivi, leteni kadi zenu za kliniki hapa mbele tuziangalie pamoja kama kondo na chupa vimeandikwa. Ambaye havijaandikwa na mimba haijafika wiki ya 14, nitamwandikia rufaa aende kesho.